Bunduki ya skauti haipigi unapolenga: anza na dalili, malizia kwa fundi

Mwongozo huu umepangwa kwa malalamiko. Tafuta linalofanana na lako, kisha fuata visababishi kwa mpangilio ulioandikwa: cha kwanza ndicho kinachoonekana mara nyingi zaidi, na kila hatua ya mwanzo haina gharama. Rekebisha jambo moja, piga risasi tano, soma karatasi, ndipo ugeukie jingine. Anayebadilisha risasi, pete za darubini na mtutu siku moja hatajua kamwe kilichomponya.

Tunaongelea bunduki za aina mbili. Ya kwanza ni skauti yenyewe, ile iliyotokana na fikra za Jeff Cooper wa Gunsite, shule ya kupiga bunduki kule Arizona, Marekani, miaka ya 1980: nyepesi, kilo 3 hivi, urefu wa mita moja, risasi za .308, ya kukoki kwa mkono, na darubini ndogo iliyofungwa mbele, juu ya mtutu, badala ya juu ya boliti (chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia). Steyr Scout na Ruger Gunsite Scout ndizo zinazojulikana zaidi. Ya pili ni jamaa zake zinazojikoki zenyewe: M1A Scout Squad, Mini-14, na AR-15 zilizovikwa darubini.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote: chomoa magazini, vuta boliti, tazama kwa macho ndani ya chemba, yaani mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe. Kwa bunduki inayojikoki mpangilio huo haugeuzwi. Ukivuta boliti magazini ikiwa bado ndani, umeingiza risasi nyingine chemba. Risasi zote ziwe chumba kingine.

"Matundu yametawanyika karatasi nzima"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na wengi hukimbilia kulaumu mtutu. Mtutu huwa ndio mkosaji wa mwisho.

Anza na ulalo wa bunduki. Weka mfuko wa mchanga chini ya kitako cha mbele, karibu na mkono wako unaposhika kawaida, na mfuko mdogo chini ya kitako cha nyuma. Usiegemeze mtutu wenyewe juu ya mfuko wala ubao. Mtutu hutikisika risasi inapopita, na ukiuzuia kwa chini risasi hupanda. Piga tano bila kugusa vizungusho vya darubini hata mara moja.

Sasa soma umbo la matundu. Yakijipanga wima, chunguza pumzi yako, kisha joto la mtutu. Yakijipanga ulalo, ni upepo, au kidole kinachovuta kifyatulio kwa pembeni, au bunduki inayoinama upande mmoja bila wewe kujua. Yakiwa makundi mawili madogo yaliyoachana, hapo kuna kitu kinachocheza kati ya mikao miwili: ama darubini imelegea, ama chuma hakijakaa imara ndani ya kitako. Makundi mawili ni habari njema kwa kiasi fulani, maana kosa hilo hupatikana.

Cha pili ni skrubu. Shika darubini kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, usukume na kuvuta huku kidole gumba kikiwa kwenye kiungo. Kidole huhisi mchezo ambao jicho haliuoni. Zikiwa zimelegea, usikaze tu kwa hasira. Fungua zote, futa mafuta kwa spiriti, uanze upya:

1. Msingi au reli: skrubu zake zitiwe tone dogo la gundi ya nyuzi ya bluu (si nyekundu, hiyo haifunguki bila moto). Kaza kwa kipimo cha mtengenezaji.
2. Pete kwenye reli ya Picatinny (ile yenye mifereji ya kukata upande hadi upande): sukuma pete mbele hadi jino lake liguse ukingo wa mbele wa mfereji, ndipo ukaze. Bunduki inaporudi nyuma, darubini hubaki, yaani huelekea mbele ukilinganisha na reli. Usipoibana mbele tangu mwanzo, itajisogeza yenyewe siku utakapopiga.
3. Vifuniko vya pete: kaza kwa msalaba, robo mzunguko kila skrubu, ili mwanya wa kushoto na kulia ulingane. Kipimo cha kawaida cha nguvu ya kukaza ni newton-mita (Nm) 1.7 hadi 2. Hapa usitie gundi, kwa sababu nyuzi zenye unyevu hukaza zaidi ya spana inavyosoma, na bomba la darubini hubonyea.

Ukimaliza, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Mstari ukikatika siku moja, skrubu imezunguka. Ni njia ya bei ndogo kuliko zote, na hakuna sababu ya kutoitumia.

Cha tatu ni risasi. Mtutu mmoja hupenda aina fulani na kukataa nyingine ya kipimo kilekile. Nunua boksi moja moja la aina tatu tofauti, kwa .308 zenye kichwa cha uzito wa greini 150 hadi 168, upige tano za kila aina kwenye karatasi tofauti siku moja. Usichanganye. Mtu aliyejaza magazini kwa mabaki ya maboksi manne hana anachopima.

Cha nne ni joto. Mitutu ya skauti ni miembamba makusudi, ili bunduki ibebeke. Wembamba huo una gharama yake: risasi ya nne na ya tano huanza kutambaa. Piga tatu, acha boliti wazi, ngoja mpaka mkono ukae juu ya mtutu bila kuungua, uendelee. Bunduki ya kukimbilia msituni hupimwa kwa risasi mbili tatu za kwanza. Kundi la risasi kumi za haraka halikuambii chochote unachohitaji.

Cha tano ni mtutu kugusa kitako. Kwa bunduki zilizoundwa mtutu uelee, yaani usiguse kitako, pitisha noti ya karatasi kati ya mtutu na mbao kutoka mbele hadi karibu na chemba. Ikikwama, hapo ndipo panapogusa. Kitako cha mbao huvimba kwa unyevu: kilichopita vizuri Nairobi kinaweza kubana baada ya wiki mbili Mombasa. Kwa Mini-14, kagua skrubu nne za kizuizi cha gesi, kile kilichoubana mtutu. Zikikazwa kwa nguvu zisizolingana huuvuta mtutu upande, na mianya ya pande mbili za kizuizi inapaswa kufanana.

Mwisho kabisa ndipo utazame mdomo wa mtutu. Tumia kioo cha kukuzia na mwanga mkali. Kovu dogo kwenye ukingo wa ndani linatosha kutawanya risasi. Kovu hilo mara nyingi huletwa na usafishaji: M1A na Mini-14 husafishwa kupitia mdomoni kwa vile nyuma hakuna njia, na ufito ukisugua bila kizibo cha kuuongoza hula chuma polepole. Kovu likiwepo, simama. Kukata na kuchonga mdomo upya ni kazi ya mashine ya fundi mwenye leseni, si ya tupa.

"Kundi ni dogo lakini kila siku liko mahali pengine"

Kundi dogo lina maana mtutu ni mzima na wewe unapiga vizuri. Kinachohama ni uhusiano kati ya darubini na mtutu, au kinachousukuma mtutu.

Mkanda wa begani huongoza. Ukiufunga mkononi kwa nguvu, kitako chepesi hupinda na kuubana mtutu. Piga kundi moja na mkanda, jingine bila. Tofauti ikizidi sentimita 3 kwa mita 100, chagua mtindo mmoja na useti bunduki kwa huo.

Kwa M1A Scout, reli ya mbele iko juu ya mtutu wenyewe, na mtutu hupata moto. Reli iliyolegea kidogo tu huhama joto linapopanda na kurudi linapopoa, ndiyo maana bunduki hudanganya: asubuhi nzuri, mchana mbaya, kesho nzuri tena. Kagua skrubu za reli bunduki ikiwa baridi kabisa.

Kizuia mlio na kizuia mrusho hubadilisha mahali risasi inapofika kila vinapofungwa au kufunguliwa. Hilo si kosa, ni uzito kwenye ncha ya fimbo. Seti bunduki ikiwa imevaa kile utakachokivaa.

Risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta nayo huenda kwake peke yake. Pitisha kitambaa kikavu kabla ya kupiga.

Na safari. Bunduki iliyosafiri kwa ndege ipigwe kwanza kwenye karatasi kabla ya kuelekezwa kwa mnyama. Kambi za uwindaji za Tanzania hufanya hivyo na mgeni siku ya kwanza, na wana haki. (Kwa nyati sheria ya huko inataka kuanzia .375, kwa hiyo skauti ya .308 ibaki kwa swala.)

"Nazungusha kizungusho, risasi haisogei, au inasogea vibaya"

Mara nyingi tatizo ni hesabu. Darubini nyingi za Marekani zina kliki za robo dakika ya pembe (dakika ni sehemu ya sitini ya digrii). Kliki moja husogeza risasi milimita 7 hivi kwa mita 100, lakini chini ya milimita 2 kwa mita 25. Kundi lako likiwa sentimita 9 kushoto na 5 chini kwa mita 100, unahitaji kliki 12 kwenda kulia na 7 kwenda juu. Kosa hilohilo kwa mita 25 linahitaji mara nne yake, na hapo ndipo watu husema darubini imekufa. Zenye kliki za sehemu ya kumi ya mili (mili ni sehemu ya elfu ya umbali) ni rahisi zaidi: sentimita moja kwa mita 100.

Pima kutoka katikati ya kundi, kamwe si kutoka tundu moja.

Kama unatumia vilenga vya chuma, kumbuka: cha nyuma kinafuata unakotaka risasi iende, cha mbele kinakwenda kinyume. Risasi ziko chini? Inua cha nyuma, au shusha cha mbele. Kwa umbali wa milimita 500 kati ya vilenga viwili, nusu milimita ya kusogeza inakupa sentimita 10 kwa mita 100. Ndiyo sababu nyundo na makadirio ya macho hayafai hapa.

Kizungusho kikifika mwisho na risasi bado iko mbali, msingi hauko sawa na mtutu. Zungusha vyote viwili hadi katikati ya safari yao. Bunduki ya kukoki kwa mkono itolewe boliti, uilaze imara, utazame shabaha ya mita 25 kupitia ndani ya mtutu, kisha utazame kupitia darubini bila kuigusa. Tofauti ikiwa kubwa kuliko upana wa karatasi, fungua pete urudie kuzifunga. Kwa M1A, na AR ambayo haijafunguliwa, hii haiwezekani kwa macho, kwa hiyo watu hutumia leza ya mdomoni. Onyo: leza iliyosahaulika mtutuni ni kizibo. Itoe, iweke mezani unapoiona, ndipo ulete risasi.

Ukipiga kliki 20 juu kisha 20 chini na kundi lisirudi lilipokuwa, mashine ya ndani ya darubini imechoka. Haifunguliwi nyumbani. Irudishe kwa mtengenezaji.

"Mita 25 napiga katikati, mita 100 napotea juu"

Hapa hakuna kilichoharibika. Darubini iko juu ya mtutu, kwa hiyo risasi huanza safari ikiwa chini ya mstari wa jicho na kuupandia. Skauti yenye darubini iliyo sentimita 4 juu ya kati ya mtutu, ukitaka ipige katikati kwa mita 100, lazima kwa mita 25 ipige kama sentimita 1.5 chini ya unapolenga. Kwa AR-15, ambayo darubini yake iko kama sentimita 6.6 juu, ni sentimita 3.5 hadi 4 chini. Anza mita 25 kwa kipimo hicho, kisha nenda mita 100 umalizie. Baada ya hapo .308 kwa mita 200 itakuwa imeshuka zaidi ya sentimita 10, kutegemea risasi. Hakikisha kwa kupiga, usiamini jedwali la boksi peke yake.

"Naona giza, au mwanga unanimeza machoni"

Darubini ya mbele inahitaji jicho likae sentimita 20 hadi 30 nyuma yake, wakati ya kawaida ni 8 hadi 10. Ukifunga ya kawaida kwenye reli ya mbele utaona tundu la sindano. Ya skauti iliyofungwa juu ya boliti nayo haionyeshi kitu. Angalia maandishi ya aina yake kabla ya kulaumu kioo.

Mng'ao ni jambo lingine, na ni udhaifu wa kweli wa mtindo huu. Jua likiwa nyuma yako, kichwa hakizibi mwanga kama kinavyoziba kwenye darubini ya kawaida. Mwanga huingia kwenye kioo cha nyuma na picha inageuka maziwa. Kofia yenye ukingo mpana husaidia kidogo, mkono wa mpira wa kukinga mwanga husaidia zaidi. Kama unawinda alfajiri na magharibi tu, sema ukweli kwa nafsi yako na uirudishe darubini juu ya boliti. Reli ndefu za Ruger zinazouzwa kama nyongeza zinaruhusu hilo.

"Inajikoki lakini inakwama"

Magazini kwanza, kila mara. Ziandike namba kwa rangi. Ikikwama, angalia namba. Kosa likifuata magazini moja, tupa hiyo magazini, wala usiipinde midomo kwa koleo.

*Boliti haibaki wazi risasi zikiisha, au ganda linakwama mlangoni likiwa limesimama.* Gesi ya baruti ndiyo inayoirudisha boliti nyuma, na hapa mzunguko huo haukamiliki. Sababu kwa mpangilio: ukavu (tia mafuta kwenye njia za boliti, tone tone, si kumwagia), risasi dhaifu, uchafu, kisha gesi inayovuja. Kwa AR-15, shika kijibomba cha gesi kilicho juu ya kibebeo cha boliti ukijaribu kukitikisa. Kisicheze hata kidogo, na skrubu zake mbili ziwe zimegongwa kingo ili zisizunguke. Kisha vuta boliti mbele, simamisha kibebeo juu ya uso wa boliti: kikizama kwa uzito wake chenyewe, pete za gesi zimekwisha.

Ganda linavyoruka nalo linasema. Ukiweka uso wa saa juu ya AR na mtutu ukielekea kwenye 12, maganda yanayoangukia kati ya 3 na 4 ni mazuri. (Ni tarakimu zilizoandikwa kwenye uso, si saa zetu za kuhesabu mchana.) Yakielekea 5, gesi ni haba. Yakielekea 1, gesi ni nyingi au springi ni dhaifu.

*Ganda linabaki chemba.* Chemba chafu ndiyo sababu ya kwanza. Isugue kwa brashi yake maalumu, kwani ya mtutu ni nyembamba mno. Ikisafishwa na bado ganda linabaki, badilisha kivuta ganda pamoja na springi yake. Ukingo wa ganda ukiwa umechanika, au fataki (kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) imebonyea tambarare kama sarafu, acha kupiga: shinikizo ni kubwa mno au nafasi ya chemba imeharibika, na kipimo hicho hufanywa na fundi kwa geji.

Alama ndogo kama ya kalamu kwenye fataki ya risasi uliyoikoki bila kupiga ni ya kawaida kwa AR na M1A, kwa sababu pini ya kupigia inaelea bila springi. Ila kwa sababu hiyohiyo, usidondoshe risasi moja kwa mkono ndani ya chemba ya M1A na kuiachia boliti iruke juu yake. Lisha kutoka magazini.

"Ilikuwa sawa mpaka nilipoiongezea kitu"

Rudisha cha zamani. Tatizo likiondoka umepata jibu. Kifaa cha mdomoni kisichonyooka na mtutu huguswa na risasi: pitisha ufito wa kupimia unyoofu kabla ya risasi ya kwanza. Kifyatulio kipya kikishakazwa kipimwe kikiwa kitupu. Washa kizuizi cha usalama, vuta kifyatulio kwa nguvu, achia, ondoa kizuizi. Nyundo ikianguka, kitoe. Kuchonga kingo za kifyatulio kwa jiwe usijaribu, ni kazi ya fundi.

Aliyejenga AR ya pili ya .300 Blackout ana hatari moja kubwa kuliko zote. Risasi hiyo hukaa kwenye magazini ileile ya 5.56, risasi ya kawaida ya AR, na inaweza kuingia kwenye chemba ya 5.56 boliti ikafunga. Kichwa cha milimita 7.8 kikilazimishwa kupita mtutu wa 5.7, bunduki hupasuka mikononi. Zungushia magazini za .300 utepe mwekundu, na aina hizo mbili zisiende uwanjani siku moja.

Simama, weka chini, mpigie fundi

Ukisikia mlio hafifu, "pof" badala ya mshindo, usikoki tena. Toa magazini, fungua boliti, hakikisha chemba ni tupu, kisha tazama kama mtutu unapitisha mwanga. Risasi iliyokwama humo haitolewi kwa kupiga nyingine.

Ukifyatua na isilie, shikilia mtutu kuelekea shabaha sekunde 30 kamili kabla ya kufungua.

Bunduki ikitoa risasi mbili kwa mvuto mmoja, ikijifyatua boliti inapofunga, ukiona ufa kwenye boliti au uvimbe kwenye mtutu, au gesi ikikupiga usoni: siku ya kupiga imeishia hapo. Ifunge kwenye begi ikiwa tupu, hifadhi maganda ya risasi zile za mwisho katika mfuko wake, na uyapeleke kwa fundi mwenye leseni pamoja na bunduki. Atayaangalia hayo kwanza.